Mfalme wa Bahari Asiye na Bahari: Lamu na Tamthilia ya Wakorea

Mwaka 828 mtu wa Silla, ufalme wa Korea wa wakati ule, aitwaye Jang Bogo alirudi kwao kutoka China akiwa na ombi moja kwa mfalme. Huko alikuwa askari, akapanda cheo, na alikuwa amewaona watu wa nchi yake wakiuzwa kama watumwa baada ya kutekwa na maharamia katika pwani za Korea. Akataka apewe jeshi la kuilinda bahari. Mfalme Heungdeok akampa watu 10,000. Akajenga ngome yake Cheonghaejin, katika visiwa vya Wando, na haikupita miaka mingi biashara ya bahari baina ya China, Korea na Japani ikawa mikononi mwake.

Wakati huohuo, huku kwetu, Shanga ilikuwa imeshasimama. Mji huo ulikuwa upande wa kusini mashariki wa kisiwa cha Pate, ukitazama bahari kuu. Mark Horton, aliyeanza kuuchimba mwaka 1980, alikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mabaki ya mwingine, na ule wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa karne ya 8. Kisiwani Manda, Neville Chittick alikuwa ametangulia kufukua kuta za kuzuia bahari zilizojengwa kwa mawe makubwa ya matumbawe, za miaka elfu moja na zaidi iliyopita. Katika udongo wa miji yote miwili mmetoka vigae vya China, vikiwemo vya Changsha: bakuli za rangi ya kahawia na kijani zilizotengenezwa kwa maelfu kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo. Jang Bogo na mtu wa Shanga hawakujuana hata kwa jina, lakini yamkini walikula katika bakuli zilizotoka tanuri moja.

Nimeyatanguliza haya ili msomaji aelewe ni kwa nini tamthilia ya Haesin imenivunja moyo. Televisheni ya KBS ya Korea Kusini iliionyesha kuanzia mwisho wa 2004 hadi katikati ya 2005, sehemu 51, na nje ya Korea inajulikana kwa jina la Emperor of the Sea. Ilipendwa mno kwao, ikauzwa nchi nyingi. Choi Soo-jong ndiye aliyeigiza Jang Bogo, Soo Ae akawa Jung-hwa, binti anayependwa na wanaume wawili, na Song Il-gook akawa Yeom Jang, mpenzi asiyependwa. Mtu wa visiwani akisikia kuna hadithi ndefu ya nahodha aliyetawala bahari, kwa lugha yoyote ile, ataitafuta. Nami niliitafuta kwa hamu hiyo, nikaitazama hadi mwisho.

Nilichokikuta ni mapenzi ya watu watatu. Ni mapenzi yaliyoigizwa vizuri, na Song Il-gook hasa anastahili sifa, kwa sababu unamhurumia hata pale unapomchukia. Lakini bahari haimo. Meli inang'oa nanga, muziki unapigwa, na ukipepesa macho watu wameshateremka bandarini wakiwa na nguo safi. Hakuna anayengoja upepo, hakuna anayebishana na mwenzake juu ya mkondo, wala hakuna anayehesabu siku za mwezi ili ajue bamvua itakuwa lini. Wanaoitwa mabaharia wanapigana kwa panga nchi kavu, sehemu baada ya sehemu. Yangzhou, bandari kubwa ya China ya enzi ya Tang, inaonyeshwa kama soko la vitambaa na fitina. Mji huo ulikuwa na Waarabu na Waajemi wengi kiasi kwamba mwaka 760, wanajeshi walipoupora, walioangamia miongoni mwao walikuwa maelfu. Katika Haesin watu hao hawakupewa mhusika hata mmoja wa kukumbukwa. Bahari yote iliyo magharibi ya China, ile inayokuja mpaka Siraf, Sohar na Manda, imekatwa.

Historia yenyewe ilikuwa kali kuliko tamthilia. Mwaka 839 Jang Bogo alitoa askari wake wamsaidie Kim Ujing kutwaa kiti cha ufalme. Baadaye likazuka suala la kumwoza binti yake kwa mfalme mpya. Wakubwa wa mji mkuu hawakukubali damu ya mtu wa visiwani, asiye na nasaba, iingie katika nyumba ya kifalme. Katika miaka ya 840 Yeom Jang akatumwa akajifanye amekuja kuomba hifadhi, na mwenyeji wake alipokuwa amelewa akamuua. Mwaka 851 ngome ikavunjwa na watu wake wakahamishiwa bara, mbali na bahari. Yote haya yameandikwa katika vitabu vya kale vya Korea, na mtawa wa Kijapani Ennin, aliyesafiri China kati ya 838 na 847, alimtaja Jang Bogo katika shajara yake enzi zilezile, akalala katika hekalu ambalo nahodha huyo alilijenga Shandong. Hapo pana kisa cha unasaba, cha mtu wa pwani anayetumiwa na watu wa bara kisha akatupwa. Mtu wa Lamu anakielewa kisa hicho bila kufasiriwa. Waandishi wa Haesin walikuwa nacho mezani, wakaamua kwamba wivu wa mwanamume mmoja unatosha kuubeba mzigo wote.

Bahari waliyoiacha inajulikana vizuri. Mwaka 1998 wapiga mbizi waligundua mabaki ya jahazi karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Ndani yake mlikuwa na vyombo vipatavyo 60,000, vingi vikiwa vya Changsha, na bakuli moja imechorwa tarehe inayolingana na mwaka 826, miaka miwili kabla ya Jang Bogo kumwendea mfalme. Jahazi lile halikuwa la Kichina. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, bila msumari hata mmoja, na uchunguzi wa baadhi ya mbao umeonyesha mti wa jamii ya Afzelia, jamii ya mbambakofi wetu.

Mtu aliyelelewa Lamu akisoma habari hizo anauona mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa hivi: mbao zimetobolewa pembeni, kamba ya makumbi imepitishwa tundu kwa tundu na kukazwa, tanga ni la mkeka, mraba, na omo imenyooka mbele kama shingo ya ngamia. Chombo kikipanda mchanga hakivunjiki kwa urahisi, kwa sababu kamba inalegea kidogo na kurudi. Mitepe ya mwisho ilikuwa bado inatweka mwanzoni mwa karne ya 20, na leo imebaki mifano yake makumbushoni. Kamera ikikaa dakika tano juu ya mikono ya fundi anayeshona ubao kwa ubao, mtazamaji atajua ubaharia ni nini. Haesin ilikuwa na zaidi ya saa 50 na haikuzipata dakika hizo tano.

Wako waliozijua pande zote mbili za dunia hii. Al-Mas'udi, aliyezaliwa Baghdad, alisafiri pwani yetu na kurudi Oman kutoka Qanbalu mwaka 304 wa Hijria, yaani 916. Qanbalu wataalamu wengi wanaihusisha na Pemba. Katika kitabu chake cha Muruj al-Dhahab anawaeleza Wazenji, pembe za ndovu zinazopelekwa Oman kisha India na China, na hatari ya mawimbi ambayo mwenyewe aliyaogopa. Katika kitabu hichohicho anaitaja Sila, nchi iliyo mwisho wa China, yenye hewa njema na maji matamu, ambako wageni wa Iraq wakifika hawataki kuondoka. Sila hiyo ni Silla ya Jang Bogo. Zaidi ya miaka 200 baadaye al-Idrisi, akimchorea ramani mfalme wa Sicily mwaka 1154, alizitia ndani yake pwani ya Zenji na visiwa vya Sila. Na mwaka 1402 Wakorea wenyewe walichora ramani ya dunia, ile ya Kangnido, yenye bara la Afrika lililochongoka kusini na kuzungukwa na bahari, miaka 86 kabla Bartolomeu Dias hajaizunguka rasi ile. Mabwana wa Joseon, ufalme wa Korea wa enzi hiyo, waliojifungia katika mabaraza yao walikuwa wanajua umbo letu kupitia habari zilizobebwa na mabaharia Waislamu. Baba zetu walikuwa miongoni mwa mabaharia hao.

Ya Zheng He, amiri wa meli za China, yameshasemwa sana, kwa hiyo nitayapita: twiga wa Malindi aliyefikishwa Beijing mwaka 1415, sarafu ya enzi ya Yongle iliyopatikana Manda mwaka 2013, na masimulizi ya Siyu juu ya Wachina waliookolewa baharini. China imeyatumia vizuri. Korea nayo ina haki ya kuhesabiwa katika habari hii, na nafasi yake bora ya kuidai ilikuwa Haesin.

Asidhani mtu kwamba kulalamikia tamthilia ya kigeni ni kukataa hadithi za kigeni. Visiwa hivi vimeishi kwa hadithi zilizokuja na upepo wa kaskazi. Mwaka 1728 Mwengo wa Athumani alitunga Pate utenzi wa Tambuka, beti zaidi ya elfu moja juu ya vita vya Waislamu na Heraklio, mfalme wa Rumi. Mtunzi hakuwahi kufika Syria. Alizipokea habari kutoka Arabuni, akazitia katika mizani ya Kiswahili, na watu wa Pate wakazisikiliza kwa kina kama mambo ya mtaani mwao. Hiyo ndiyo ada yetu: cha mgeni kinapokewa, kinageuzwa, kinakuwa chetu, na kinahukumiwa kwa viwango vyetu.

Baadaye ikaja video. Mwanaanthropolojia Minou Fuglesang alikaa Lamu, na mwaka 1994 akatoa kitabu chake Veils and Videos, kinachoeleza jinsi wasichana na kina mama walivyokusanyika majumbani kutazama filamu za Kihindi, wakalia pamoja, wakashona nguo za mitindo ile, na wakazijadili ndoa zao kupitia ndoa za waigizaji wa Bombay. Ni kitabu cha heshima kwa watazamaji wetu, kwa kuwa kinaonyesha kwamba walikuwa wanafikiri. Dar es Salaam nako Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alizitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe, akiongeza maelezo, utani na mawaidha mpaka watu wakanunua mkanda kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya nyota aliye kwenye picha. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ikaonyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, kwa sauti za Kiswahili, na ikapata watazamaji wengi kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013.

Wakorea walifika katika njia iliyokwisha kusafishwa. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa Asia wa 1997, serikali ya Seoul iliamua kuuza utamaduni kama inavyouza magari. Winter Sonata ya 2002 ikaiteka Japani, Dae Jang Geum ya 2003 ikafika Uajemi na Uarabuni, na Jumong ya 2006, tena Song Il-gook akiwa ndani yake, ikaingia Afrika Mashariki na kugeuka jina la kuitana vijana. Netflix ilipofunguliwa Kenya mwaka 2016, na simu zikawa rahisi, kizuizi cha mwisho kikaanguka. Leo Mkomani au Langoni, kijana mwenye bando la usiku anaweza kumaliza tamthilia nzima kabla ya adhana ya alfajiri.

Mapenzi hayo yana sababu. Tamthilia za Kikorea zinawaheshimu wazazi. Zinajua aibu, zinajua mama mkwe, zinajua kwamba mtu haoi peke yake bali ukoo unaoa. Kwa sehemu nyingi mtu anaweza kuzitazama pamoja na mamake bila kuona haya, jambo ambalo kwa filamu za Marekani ni bahati nasibu. Kina mama wa Lamu wakimkuta mwigizaji ameinamisha kichwa mbele ya nyanyake wanaona adabu wanayoijua.

Na kuvunjika moyo nako kuna sababu, na hakufungamani na Haesin peke yake. Kwa miaka mingi televisheni za Korea zilirekodi tamthilia huku zikiendelea kuonyeshwa, sehemu mbili kila wiki. Kurasa za mazungumzo zilifika mikononi mwa waigizaji siku ileile ya kurekodi. Watazamaji wakizidi, hadithi inarefushwa: Jumong ilipangwa sehemu 60 ikafika 81. Watazamaji wakionyesha kumpenda mhusika fulani, anaongezewa machozi. Katika mtambo wa namna hiyo bahari ni ghali. Meli inataka mafundi na hali ya hewa njema, na siku moja ya dhoruba inakula pesa za wiki. Chumba chenye mishumaa na watu wawili wanaotazamana ni rahisi, na kinavuta watu vilevile. Naielewa hesabu hiyo. Lakini ukichagua kusimulia habari za mtu ambaye maisha yake yote ni maji, umeshakubali gharama, na aliyekuja kwako kwa ajili ya maji ana haki ya kukudai.

Tena Wakorea wanajua kutunza kilicho chao. Kwa ajili ya Haesin walijenga Wando mji mzima wa kuigizia, wenye majumba na gati, na wageni bado wanaenda kuutazama. Karibu nao kuna kisiwa kidogo cha Jangdo, mahali penyewe ilipokuwa ngome. Maji yakipwa unaweza kuvuka, na ufukweni zinaonekana nguzo za boma la Cheonghaejin zilizozama kwenye tope kwa zaidi ya miaka 1,000. Wataalamu walipachimba kwa muongo mzima kuanzia 1991. Tamthilia ikiwa na kasoro, mahali papo, pametunzwa, na mtoto wa Wando anajua yeye ni wa nani.

Shanga je? Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15 na haukukaliwa tena. Kuta za msikiti na makaburi zimo kichakani. Anayetaka kufika ama anatembea kutoka Siyu au anangoja maji yajae ili mashua ipite kwenye mikoko. Watoto wengi wa Kenya wanamaliza shule bila kulisikia jina hilo, na wa Lamu wenyewe wanaweza kukutajia wafalme watatu wa Joseon kabla hawajakutajia mtawala mmoja wa Pate. Sina haki ya kuwalaumu. Wafalme wa Joseon wamewafikia kitandani, na wa Pate wamefungiwa katika vitabu vya vyuo vikuu.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya Haesin. Mapungufu ya Wakorea yananikumbusha kwamba kazi ile wangeweza kuifanya watu wetu, wenye bahari nyumbani. Chukua vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810. Pate na Mazrui wa Mombasa walikuja na majeshi kuitiisha Lamu, ikashindikana, na walipokimbilia vyombo vyao, kwa mujibu wa masimulizi ya Lamu, maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Wakauawa pale ufukweni. Kupwa na kujaa kwa maji ndiko kulikoamua nani atawale pwani hii, kwa kuwa baada ya ushindi Lamu iliogopa kisasi, ikamwita Sayyid Said wa Oman, ngome ya Lamu ikakamilishwa chini ya ulinzi wake, na kutoka hapo mkono wa Oman ukashika pwani yote hadi Mombasa. Mwandishi wa tamthilia angetaka nini tena?

Au chukua Siyu. Katika miaka ya 1840 mji huu wa mafundi wa fedha, wa ngozi na wa kunakili misahafu ulikataa kuinama. Majeshi ya Sayyid Said yalitumwa, yakashindwa, na amiri wake Hamad bin Ahmad akauawa huko. Aliyeiongoza Siyu alikuwa Bwana Mataka. Mkewe alikuwa Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, aliyebaki mjane, akaugua, na karibu mwaka 1858 akamtungia bintiye utenzi wa wasia ambao mpaka leo wasichana wa pwani wanausoma. Shuleni anafundishwa kama mama mpole wa nasaha tu. Alikuwa mke wa mtu aliyemkaidi sultani mwenye nguvu kuliko wote katika Bahari ya Hindi, na aliyaona ya vita, ya ujane na ya ugonjwa kabla hajashika kalamu. Dae Jang Geum, mpishi aliyepanda hadi kuwa tabibu wa mfalme, ilijengwa juu ya mistari michache iliyomtaja mwanamke huyo katika kumbukumbu za Joseon, na ikapata sehemu 54. Mwana Kupona ametuachia utenzi mzima kwa kauli yake mwenyewe.

Bado hatujafika kwa mtawala wa Lamu aliyekatwa kichwa na Wareno mwaka 1589 kwa kumuunga mkono Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, wala kwa Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi, wala kwa Ahmad Simba aliyehamia Witu akafanya mapatano na Wajerumani. Mji wenyewe wa kuigizia hauhitaji kujengwa. Lamu imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, mitaa ipo, majumba yenye zidaka yapo, na majahazi yanaundwa hadi leo Matondoni mbele ya macho ya mpita njia.

Kwa mtazamaji, hukumu yangu ni hii: Haesin itazame kama hadithi ya mapenzi, utaridhika. Ukitaka kumjua Jang Bogo, soma habari za Ennin. Kwa KBC, kwa Tume ya Filamu ya Kenya, kwa Makumbusho ya Taifa na kwa serikali ya kaunti, nina ombi. Tengeni fedha za tamthilia moja ya sehemu chache, iandikwe Lamu, izungumzwe kwa Kiamu na Kipate, na kabla ya kumtafuta mwigizaji mwiteni nahodha na fundi wa majahazi wakae mezani na mwandishi. Mwisho wa Novemba au Desemba kaskazi ikianza, tokeni na kamera baharini, mkae huko mpaka mjue chombo kinavyotwekwa na watu wanavyongoja maji. Wazee wanaojua mambo hayo bado wapo Matondoni, Siyu na Faza, na hawatakuwepo siku zote.